Nimesoma Vitabu vya Mafanikio Hadi Nimechoka, Mbona Sibadiliki?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Kihonda, Morogoro. Ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na pembeni nauza vitenge. Sijaolewa, nina mtoto mmoja yuko darasa la pili, na tunaishi na dada yangu mkubwa ambaye ni fundi cherehani.

Tatizo langu huenda likakuchekesha. Ni vitabu.

Ilianza pale rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari, aliponiazima kitabu cha mambo ya fedha kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Nilikimaliza usiku mmoja. Shangazi, niliona kama nimefumbuliwa macho. Tangu hapo nimekuwa mtu wa vitabu hivyo. Nanunua vile vya kurudufu wanavyotandaza barabarani, elfu kumi, elfu kumi na tano, na vingine napata kwenye magrupu ya WhatsApp. Vya fedha, vya tabia, vya kujiamini, vya kuamka alfajiri, vya nguvu ya mawazo. Karibu kila ukurasa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Mwaka jana nikajiunga na darasa la mtandaoni la mhamasishaji mmoja, nikalipa shilingi 80,000. Tulipewa programu ya siku 21: kuamka saa kumi alfajiri, kuandika malengo, kisha kusimama mbele ya kioo na kujitamkia ukiri. “Mimi ni tajiri. Fedha inanifuata. Mimi ni mshindi.” Ukikosa siku moja unaanza upya. Mimi sijawahi kufika mwisho. Mtoto akiumwa, naanza upya. Umeme ukikatika, simu ikazima, sikuamka, naanza upya. Na nikuambie ukweli, nikisimama pale nikasema mimi ni tajiri, kuna sauti ndani inanijibu, “Tajiri gani anayedaiwa?” Mara nyingi naishia kulia, nanawa uso, naenda kazini.

Dada amechoka. Juzi aliniambia, “Hivyo vitabu ungeviuza ungepata hela ya kuanzia kununua oveloki.” Nilikasirika, tukanuniana. Lakini rafiki yangu aliyeniazima kile cha kwanza sasa ana duka lake la vipodozi, na kila mtu anamwambia kwamba ni kitabu kile ndicho kilichomfikisha pale. Tumesoma kitabu kimoja, Shangazi. Yeye kimemtoa, mimi kimeniacha. Najiuliza kama kasoro iko kwangu.

Biashara ya vitenge kwa sasa imekwama. Nilichukua mkopo wa 600,000 kwenye kikoba chetu nikaleta mzigo, nikawakopesha wanakwaya wenzangu na majirani, wengi bado hawajalipa. Kwa hiyo kikoba sijaenda siku nyingi, nasubiri nikae sawa kwanza. Usingizi nao umekuwa wa shida, saa nane usiku macho kodo, ila nimeshazoea, muda huo nautumia kusoma.

Naomba unijibu: hivi vitabu vinasaidia watu kweli, au ni biashara ya walioviandika? Kama vinasaidia, mimi nakosea wapi? Yule mhamasishaji amefungua awamu ya pili, ada ni 250,000, mwisho wa kulipa tarehe 30. Anasema tuliofeli awamu ya kwanza ndio tunaoihitaji zaidi.

Jina langu nifichie.

Msomaji, Kihonda

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara jicho linakwama mahali ulipopapita mbiombio. Vitabu umevieleza kwa kirefu. Kikoba na usingizi umevigusa kwa sentensi chache ukaviacha. Nitafika huko, na nikifika nitakaa. Ila umeuliza swali la haki, acha nilijibu kwanza.

Vipo vinavyosaidia, na ushahidi wake upo, wa hospitali na wa vyuo vikuu. Lakini hivyo vinavyosaidia havifanani sana na vile ulivyovipiga mistari myekundu, na namna vinavyosaidia ni ya kawaida mno kuwekwa kwenye tangazo.

Nikupeleke kidogo vilikoanzia. Miaka ya 1840, katika mji wa Leeds kaskazini mwa Uingereza, vijana wachache wa kipato cha chini walianza kukutana jioni kufundishana kusoma, kuandika na kuhesabu. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Walipoongezeka wakakodi chumba kikubwa kichakavu ambacho kiliwahi kuwa hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu. Hakuna mpangaji mwingine aliyekitaka, watu walikiogopa; wao wakakichukua. Wakamwalika daktari mmoja Mskoti, Samuel Smiles, aje azungumze nao kidogo. Alikwenda mwaka 1845, akarudi tena na tena, na mazungumzo yale ndiyo yaliyokua yakawa kitabu chake, Self-Help, kilichotoka mwaka 1859. Kiliuzwa kwa maelfu, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi, na aina yote hii ya vitabu imechukua jina lake kutoka pale.

Sasa tazama kioja. Kitabu cha kumfundisha mtu kujisaidia mwenyewe kilizaliwa kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana. Smiles mwenyewe aliona hatari mapema. Katika dibaji ya toleo la mwaka 1866 alilalamika kwamba jina la kitabu limewapotosha watu, wakadhani anasifia ubinafsi, wakati yeye anaona kujisaidia vizuri kunabeba pia kumsaidia jirani. Hakusikilizwa. Waliomfuata walichukua habari za kujituma na nidhamu, kile chumba cha Leeds wakakiacha. Ndiyo maana leo unabaki wewe na kioo, saa kumi alfajiri, watu wote wamelala.

(Na sisi huku hatukuwa nyuma katika kuandika mawaidha. Karibu na mwaka 1858, huko visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham aliyekuwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa nasaha ambao hadi leo unasomwa. Unaweza usikubaliane na mengi aliyosema kuhusu mke na mume, mimi mwenyewe yapo yanayonikera. Lakini yeye alimjua anayemwandikia. Huyo wa kitabu chako cha elfu kumi na tano hajui kama una mtoto.)

Turudi kwenye kioo. Ile sauti inayokuuliza “tajiri gani anayedaiwa” usiifukuze, ina akili. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambao watu waliambiwa warudie kujisemea kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Waliokuwa wanajidharau, yaani wale hasa ambao ukiri umetungwa kwa ajili yao, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo ambao hawakujitamkia kitu. Ukimlazimisha mtu kusema asichokiamini, kichwa chake kinaanza kukusanya ushahidi wa kumpinga. Wewe ushahidi unao, umeandikwa kwenye daftari la mweka hazina.

Kuota mafanikio nako kuna gharama yake. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, na mwenzake Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu kwa miaka miwili. Wale waliokuwa wakijipa picha tamu za kazi nzuri watakazopata walituma maombi machache ya kazi, wakapata nafasi chache, na mishahara yao ikawa midogo. Matumaini ya mtu anayesema “nimeshaweza jambo kama hili, nitaweza tena” hayo yalisaidia. Kilichodhuru ni utamu wa ndoto, maana ukishauonja unajisikia kama umeshafika, na asubuhi huna haja ya kutoka. Usiku ule ulipomaliza kitabu cha kwanza, ulipofumbuliwa macho, ninadhani ndicho kilichotokea. Na tangu hapo umekuwa ukinunua usiku ule tena na tena.

Zile siku 21 zimenichosha kuzisikia. Chanzo chake ni daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Wahamasishaji wakaliangusha hilo “angalau” njiani, na habari ya sura ikawa habari ya kila tabia duniani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walipowapima watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia ndogo kama kunywa maji au kutembea baada ya mlo, kwa kawaida ilichukua siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi 254. Tena waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo kila ulipoanza upya kwa sababu mtoto alikuwa na homa, hukuwa na sababu ya kuanza upya. Uliadhibiwa kwa sheria ambayo mtu ameitunga tu.

Na rafiki yako? Simwiti mwongo. Kitabu kinaweza kumpa mtu msukumo siku anapouhitaji. Lakini mwulize mambo ambayo hayamo kwenye ushuhuda wake. Mtaji wa kwanza ulitoka wapi? Nani alimdhamini kwa muuzaji wa jumla? Kodi ya fremu mwaka wa kwanza alilipa nani? Ana mtoto, na kama anaye, analelewa na nani yeye akiwa dukani? Siulizi kwa kijicho. Wangapi wamekisoma kitabu kile kile hapo Morogoro na maisha yao yako vile vile? Hao hawaitwi mbele kutoa ushuhuda, wala hawaandiki kitabu. Tunamsikia aliyefika, tunakisifu alichokuwa ameshika mkononi. Na wapo waandishi wa utajiri ambao sehemu kubwa ya utajiri wenyewe imetoka kwenye vitabu na semina hizo hizo, jambo ambalo si kosa la jinai, ila ni vizuri mnunuzi akalijua.

Nimeahidi kukuambia vinavyosaidia. Mwaka 2003, katika mji wa Cardiff, Wales, mwanasaikolojia wa tiba aitwaye Neil Frude alianzisha mpango ambao daktari anamwandikia mgonjwa kitabu kama anavyomwandikia dawa, na mgonjwa anakwenda kukichukua maktaba. Mpango kama huo ukaanza England yote mwaka 2013. Vitabu vyenyewe vinachaguliwa na wataalamu, na kila kimoja kina tatizo lake: sonona, wasiwasi, woga wa ghafla, kukosa usingizi. Havikuahidi utajiri. Ni vya mazoezi zaidi kuliko vya hadithi. Unaandika wazo linalokutesa, unalipima, unapanga jambo dogo la kufanya kesho, unafanya, unaandika kilichotokea. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vitabu vya namna hiyo vinawapunguzia watu sonona na wasiwasi, na vinafanya kazi vizuri zaidi kama kuna mtu wa kukuuliza mara kwa mara umefikia wapi, hata kwa simu ya dakika chache.

Unaona inavyorudi? Chumba cha Leeds. Mtu wa kukuuliza.

Kuna mahali walikiondoa kitabu kabisa wakabaki na huyo mtu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa Mbare, jijini Harare, wakae kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu waliolemewa. Bibi hatoi hotuba. Anakuuliza mambo yanayokusumbua, mnayaorodhesha yote, mnachagua moja tu, mnatafuta hatua moja unayoweza kuifanya wiki hii, unakwenda unaifanya, unarudi kumweleza. Baadaye unaingia kwenye kikundi cha wenzako, mikono inafuma mikoba huku midomo inazungumza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na bibi, wenye dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Bibi wale wengi elimu yao ya darasani ni ndogo, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyemwambia mtu asimame mbele ya kioo.

Basi mimi leo ndiye bibi yako wa benchi, na jambo moja nimekuchagulia. Kikoba.

Unasema unasubiri ukae sawa kwanza ndipo uende. Mwanangu, huwezi kukaa sawa kabla ya kwenda, kwa sababu kutokwenda ndiko kunakokuamsha saa nane usiku. Kumpa mwenye deni kitabu cha nguvu ya mawazo ni kumchua bega mtu aliyeteguka mguu. Waswahili walishasema dawa ya deni kulipa, maneno manne, hakuna awamu ya pili.

Anza na wadhamini wako. Kama kikoba chenu ni kama vingine, kuna wanawake wawili au watatu waliosimama kwa ajili yako, na huenda hisa zao zimeshikiliwa wakati wewe unapiga mistari kwa kalamu. Nenda nyumbani kwao kabla ya kikao, mmoja mmoja. Usiwapelekee maelezo marefu. “Dada, nimekwama, nimeona aibu, nimejificha. Nisamehe. Nina kiasi hiki, nataka kuomba nilipe kidogo kidogo.” Kisha mwone mwenyekiti au katibu, pia kabla ya kikao, mwulize katiba yenu inasemaje kuhusu aliyechelewesha marejesho. Faini ipo, ilipe. Watu wa kikoba wameona wengi waliokwama. Wanachokichukia ni mtu anayezima simu.

Siku ya kikao nenda na hela mkononi, hata kama ni 20,000. Omba marejesho unayoweza kuyabeba kutoka kwenye mshahara wako wa ukeshia, usiyahesabu kutoka kwenye vitenge, maana hela ya vitenge bado iko kwa wanakwaya. Pendekeza kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakimudu. Ukiahidi kikubwa ili upendeze, mwezi wa pili utajificha tena.

Halafu vitenge. Kaa na dada yako, ndiyo, yule mliyenuniana, muandike nani anadaiwa, vitenge vingapi, shilingi ngapi. Yeye ni fundi cherehani. Atakuwa anajua nani ameshashona na nani kitenge chake bado kimekunjwa kabatini, huenda vingine amevishona yeye mwenyewe. Ambacho hakijashonwa, omba kirudi, ukiuze kwa taslimu. Kilichoshonwa, kubaliana malipo ya kila wiki. Usitume ujumbe kwenye grupu la kwaya, watakuchukia na hawatalipa. Nenda kwa mtu mlangoni, ukiwa na dada, mkiwa wapole. Chagua siku na saa, useme: “Jumamosi nikitoka kazini, kabla ya kufika nyumbani, napita kwa fulani.” Hili nalo limepimwa sana na wanasaikolojia, hasa Peter Gollwitzer: mtu aliyepanga lini na wapi atafanya jambo hulifanya zaidi kuliko aliyepanga tu kulifanya. Kama kwenye vitabu vyako kuna ukurasa unaosema hivi, huo ndio ulistahili kalamu nyekundu.

Kuna mlango mmoja nakukataza kabisa. Usichukue mkopo wa kausha damu ili ulipe kikoba. Najua vijana wao wanapita madukani na fomu, na pesa wanatoa siku hiyo hiyo. Utamlipa mweka hazina, kisha utadaiwa na watu wasiokujua wala kukuonea haya, watakaokuja kubeba kitanda cha mwanao.

Sasa usingizi. Umeandika “nimeshazoea” na hapo ndipo nilipoweka barua chini. Kukesha saa nane kila usiku, kulia asubuhi, kujiona una kasoro. Yakienda pamoja kwa wiki kadhaa yanaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba, hauondoki kwa kujilaumu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na useme wazi kwamba unataka kuonana na wa afya ya akili. Usiseme “kichwa kinauma” wakakupa panadol ukarudi. Na ikitokea siku moja ukawaza kuwa heri usiwepo, usisubiri siku ya miadi wala jibu langu. Mwamshe dada yako usiku huo huo, mwende wote hospitali. Kwa sasa, saa nane ikikukuta macho, acha vitabu vya mafanikio. Ni orodha ya mambo ambayo hujafanya, inasomwa gizani na mtu aliyechoka. Soma riwaya.

Kuamka saa kumi acha. Una mtoto, una kazi ya kusimama kutwa kwenye kaunta, na usingizi wako ni mchache. Lala mpaka mwili ukuamshe au mtoto akuamshe.

Vitabu vyenyewe sikuambii uvichome. Kimoja cha fedha kinachofundisha kutunza daftari la mapato na matumizi, kibakize, na msome na dada, sura moja kisha mfanye ilichosema kabla ya kufungua ya pili. Vingine wape wanaovitaka au viuze. Havitafika bei ya oveloki, mwambie dada asijipe matumaini, lakini rejesho moja la kikoba huenda likapatikana.

Na hiyo tarehe 30: usilipe. Mtu anayesema kwamba waliofeli darasa lake ndio wanaolihitaji zaidi amejipangia biashara isiyoweza kula hasara, akifanikisha anasifiwa, asipofanikisha analipwa tena. Nina wasiwasi kwamba hiyo 250,000 huna, na ulishaanza kufikiria wa kumkopa. Wakikupigia waambie umepata darasa jingine la kila wiki, na ada yake unailipa kwa hisa. Watapiga tena kabla mwezi haujaisha, wana orodha ya namba. Usipokee.

Shangazi